Je, Wajua? Vyelezo vya Mafuta kwenye Ngozi ya Seli

Je, wajua kwamba kila seli ya mwili wako imevikwa utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi? Ukigawa milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanomita moja. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walikamua mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji na kukuta yanafunika eneo mara mbili ya ngozi za chembe zenyewe. Basi utando ni tabaka mbili zilizobebana. Cha kuchekesha, walikosea vipimo viwili: hawakukamua mafuta yote, na ukubwa wa chembe waliupunja. Kosa moja likafuta jingine, jibu likatoka sawa!

Je, wajua kwamba mafuta hayo huchaguana? Mwezi wa Julai jijini Nairobi, chupa ya mafuta ya nazi huganda ilhali ya alizeti, iliyo rafu hiyohiyo, bado inamiminika. Siri iko mikiani. Molekuli za mafuta ya nazi zina mikia iliyonyooka, hulala pamoja kama kuni katika mzigo. Nyingi za alizeti zimepinda, hivyo hazipangiki. Kwenye utando wa seli mambo ni yaleyale. Sfingolipidi, zenye mikia mirefu iliyonyooka, hukaribiana, na kolesteroli (ndiyo, ileile tunayoonywa na madaktari) hujipenyeza katikati na kuziba nafasi. Ila hazigandi. Ni kama abiria wa matatu iliyojaa: wamebanana, lakini makanga akisema wasonge nyuma, wanasonga.

Mwaka 1997 Wafini wawili, Kai Simons na Elina Ikonen, waliandika katika jarida la Nature kwamba makundi hayo ni vyelezo: vinaelea katika utando vikiwa vimebeba protini maalumu, ili zile zinazopashana habari zikutane upesi. Tangu 1972 vitabu vilikuwa vikifuata picha ya Singer na Nicolson, ya protini zinazoelea katika bahari ya mafuta. Sasa bahari ikapata vyombo.

Ugomvi ukazuka. Ushahidi mwingi ulitokana na kuosha seli kwa sabuni kwenye baridi ya nyuzi 4, kisha kuangalia kilichokataa kuyeyuka. Wapinzani wakauliza, na kwa haki kabisa: mnajuaje kama si sabuni na baridi vilivyoyakusanya mafuta hayo? Kuchungulia tu hakukusaidia, kwani hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Mwaka 2009 kundi la Stefan Hell, Ujerumani, lilitumia hadubini kali zaidi kwenye seli hai. Waliona sfingolipidi zikinaswa kwa kitambo mahali padogo kuliko nanomita 20, kwa milisekunde 10 hadi 20 tu. Ukipepesa jicho, chelezo kimeshavunjika.

Na je, wajua kwamba kipindupindu kinavijua vyelezo hivi? Sumu ya bakteria wake ina vidole vitano vinavyokamata GM1, mojawapo ya mafuta yanayopenda kukaa humo, ndipo sehemu yake yenye madhara iingie selini. Vidole hivyo peke yake havidhuru. Maabara huvipaka rangi inayong'aa na kuvitumia kusaka vyelezo.