Siku Kumi za Kimya Hazimfanyi Mtu Kuwa Mtawa

Anayeomba utawa katika Ubudha wa Theravada, ule unaofuatwa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, husimamishwa mbele ya watawa na kuulizwa maswali. Je, ni binadamu? Ni mwanamume? Ni mtu huru? Ana deni? Yuko huru na utumishi wa mfalme? Wazazi wamemruhusu? Ametimiza miaka 20? Bakuli na mavazi yake yamekamilika? Huulizwa pia kama ana ukoma, kifua kikuu au kifafa. Hilo swali la ubinadamu lina kisa chake: masimulizi ya kale yanamtaja nyoka wa kimiujiza aliyejigeuza mtu, akapewa utawa, kisha akaumbuka alipolala na kurudia umbo lake. Katika maswali yote hayo, hakuna hata moja linalouliza kama mwombaji anajua kutafakari.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu Ubudha unaojulikana zaidi duniani leo ni ule wa kutafakari. Lakini desturi ya walei kuketi kwa saa nyingi wakifuatilia pumzi zao ni changa. Kwa karne nyingi walei walitoa sadaka, walishika miiko na kusikiliza mahubiri, na mazoezi mazito ya kutafakari waliwaachia watawa wachache.

Mambo yalibadilika Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Mwaka 1885 Waingereza walimng'oa mfalme wa Mandalay, na dini ikabaki bila mlezi wake mkuu. Mtawa mmoja msomi, Ledi Sayadaw, aliona kwamba mafundisho yakishikwa na watu wa kawaida yatadumu hata pasipo mfalme, akaanza kuwafundisha walei yale yaliyokuwa ya watawa. Mwanafunzi wake Saya Thetgyi, aliyekuwa mkulima, akawa mwalimu. Kwake alijifunza U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali, ambaye mwaka 1952 alifungua kituo mjini Yangon. Kwa U Ba Khin alitoka S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya India, aliyepeleka mafunzo hayo India mwaka 1969, na kutoka huko yakaenea ulimwenguni. Tawi jingine, la mtawa Mahasi Sayadaw, lilishika kasi Yangon kuanzia 1949.

Mafunzo ya Goenka huchukua siku kumi. Mwanafunzi huamka saa kumi alfajiri, haongei na wenzake, hashiki simu wala kitabu. Siku tatu za kwanza hufuatilia pumzi inavyopita puani tu. Siku ya nne huanza kupitisha usikivu wake mwilini, kutoka utosini hadi vidoleni, akitambua joto, mwasho na maumivu bila kuyakimbilia wala kuyakimbia. Hakuna ada; gharama hubebwa na michango ya waliokwisha kupitia mafunzo hayo. Wengi hutoka wakiwa wametulia, na baadhi hutoka wakitaka kunyoa nywele na kuingia utawani moja kwa moja.

Hapo ndipo hukutana na ngazi ambayo hawakuitarajia. Mlei hushika miiko mitano: kutoua kiumbe, kutochukua asichopewa, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Katika siku maalumu za mwezi, au akiwa mafunzoni, huongeza hadi minane: huacha kabisa tendo la ndoa, hali chakula baada ya adhuhuri, hajipambi wala kusikiliza muziki, na hatumii kitanda cha anasa. Mwanagenzi wa utawa, aitwaye samanera, ana kumi, ukiwemo wa kutopokea fedha. Mtawa kamili ana kanuni 227.

Mfano mzuri wa ngazi hiyo ni Wat Pah Nanachat, monasteri ya msituni karibu na mji wa Ubon Ratchathani, Thailand, iliyoanzishwa na mtawa Ajahn Chah mwaka 1975 kwa ajili ya wageni kutoka nje. Anayefika huvaa nguo nyeupe na kushika miiko minane. Kengele hulia saa tisa usiku, mlo ni mmoja kwa siku, na sehemu ya mchana huenda kwenye kufagia, kuosha vyombo na kuchota maji. Akikaa, hunyolewa nywele na nyusi. Hupita miezi kadhaa akiwa katika nguo nyeupe, kisha miezi mingine akiwa samanera, kabla ya kuulizwa yale maswali. Muda wote huo wenyeji wake wanamtazama: akikosolewa anafanyaje, akipangiwa kazi asiyoipenda anasemaje, anakaaje na mtu asiyemchagua.

Wana sababu ya kuyapima hayo. Mtawa hatakiwi kujipikia, kuweka akiba ya chakula wala kushika fedha. Kila asubuhi hutoka pekupeku na bakuli, akila kile tu alichotiliwa na wanakijiji. Mtu anaweza kutafakari vizuri sana peke yake, lakini utawa ni maisha ya kutegemea wengine na kutegemewa nao. Kuhusu mafanikio ya kutafakari, kanuni ni kali: mtawa anayejigamba kwa uongo kwamba amefikia hali ya juu ya kiroho hupoteza utawa wake, sawasawa na aliyeua mtu.

Baada ya kupokelewa, mtawa mpya hukaa chini ya mwalimu kwa miaka mitano, na hawezi kusimamia upokeaji wa wengine kabla ya kutimiza miaka kumi. Hata hivyo mlango wa kutokea uko wazi. Thailand ni kawaida kwa kijana kuwa mtawa kwa msimu mmoja wa mvua, kisha akarudi nyumbani kuoa. Mwaka 2018 wavulana 11 wa timu ya soka, kati ya wale waliookolewa katika pango la Tham Luang nchini humo, waliingia uanagenzi kwa siku chache, kumwombea fadhila Saman Kunan, mzamiaji aliyefariki katika uokoaji, na kocha wao alipokea utawa kamili.

Kwa wanawake njia ina vizuizi zaidi. Ukoo wa watawa wa kike wa Theravada ulikatika miaka elfu moja hivi iliyopita, na ulifufuliwa katika miaka ya 1990, Sri Lanka ikiwa mstari wa mbele. Uongozi wa watawa Thailand haujaukubali. Ndiyo maana msomi Chatsumarn Kabilsingh, anayeitwa sasa Dhammananda, alikwenda Sri Lanka mwaka 2003 kupokea utawa kamili.

Katika Afrika Mashariki, Mganda Bhante Buddharakkhita aliukuta Ubudha mwaka 1990 akiwa mwanafunzi India, lakini alipokea utawa mwaka 2002, huko California. Mwaka 2005 alirudi na kuanzisha kituo karibu na Entebbe. Ugumu wa kupata utawa mbali na vitovu vya Ubudha una mfano katika masimulizi ya kale. Huko Avanti, pembezoni mwa India ya Budha, kijana Sona alisubiri miaka mitatu hadi watawa kumi waliohitajika kumpokea walipopatikana. Aliposikia hayo, Budha aliruhusu nchi za pembezoni zitumie watano, mradi mmoja wao awe mjuzi wa kanuni. Kituo cha kutafakari chaweza kuanza na mwalimu mmoja na chumba chenye mikeka. Kumpokea mtawa kunahitaji hao watano, pamoja na majirani walio radhi kuwapikia kila siku kabla ya adhuhuri.