Bambo na Gunia

Mwenye kununua nafaka hafungui gunia zima na kulimwaga chini. Hutwaa bambo, yaani chuma chenye ncha kali na mfereji kama mwanzi uliopasuliwa, hulichoma gunia, hutoa punje chache, huzitazama katika kiganja. Kwa punje zile huamua habari ya gunia lote. Lakini mnunuzi mwenye akili hachomi juu tu, maana mwuzaji mjanja huweka nafaka njema juu na iliyobunguliwa chini. Huchoma juu, katikati na chini.

Punje zile huitwa sampuli. Na watu nao waweza kuchaguliwa hivyo, wachache waulizwe kwa ajili ya wengi. Sikilizeni jinsi gazeti moja kubwa la Marekani lilivyoaibika kwa kuchoma juu tu.

Mwaka 1936 Wamarekani walikuwa karibu kumchagua rais. Gazeti lililoitwa Literary Digest lilipeleka karatasi kama milioni 10, kuwauliza watu watampa nani kura zao, Franklin Roosevelt au Alf Landon. Zikarudi karatasi zaidi ya milioni 2. Gazeti likazihesabu, likatangaza ya kwamba Landon atashinda. Siku ya uchaguzi ilipofika, Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Tena George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alikuwa amekwisha kusema ya kwamba Roosevelt atashinda.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika kuhesabu. Majina mengi yalitolewa katika madaftari ya wenye simu na wenye motokaa. Miaka ile ilikuwa ya dhiki, na maskini wengi hawakuwa na simu wala motokaa. Nao wengi wao walimtaka Roosevelt. Tena waliorudisha karatasi walikuwa kama robo tu, na mwenye kujibu huenda asifanane na mwenye kunyamaza. Gazeti lile halikukaa sana baada ya aibu hiyo. Mwaka 1938 likakoma.

Basi tufanyeje? Tuseme shule ina wanafunzi 240, wavulana 160 na wasichana 80. Mwalimu ataka kujua hutembea mwendo gani kuja shuleni, naye ana nafasi ya kuwauliza 24 tu. Akiwauliza wachezao uwanjani jioni atadanganyika, maana wakaao mbali wamekwisha kushika njia kwenda kwao. Ziko njia tatu zilizo njema.

Ya kwanza ni kura. Huandika majina yote 240 katika vikaratasi vilivyo sawa, huvitia kikapuni, huvichanganya sana, kisha hutoa 24 bila kutazama.

Ya pili ni kuruka kwa hesabu. 240 kugawanya kwa 24 ni 10. Hupiga kura kati ya 1 na 10. Ikianguka 7, humwita wa 7 katika daftari, kisha wa 17, wa 27, hata wa 237.

Ya tatu ni mafungu. Wavulana ni theluthi mbili za shule, basi hupiga kura kupata wavulana 16. Na kwa wasichana hupiga kura nyingine kupata 8. Hivyo hakuna fungu litakalosahauliwa.

Kwa hiyo mkipewa swali la sampuli, tazameni kwanza kama kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Kama wako walioachwa nje tangu mwanzo, wingi wa walioulizwa hautaponya kosa hilo.

Maswali

1. Mtu alitaka kujua ni watoto wangapi wa kijiji chake waendao shule. Akawauliza watoto 100 aliowakuta darasani. Amekosa wapi?
2. Kama angaliwauliza 500 mahali palepale, angalipata kweli? Toa sababu.
3. Kijiji kina nyumba 300. Eleza jinsi utakavyochagua nyumba 20 kwa njia ya pili.