Vumbi la dhahabu na nyanya za sokoni



Jioni moja ya Jumamosi, fundi mmoja wa kusimika mbao za galeri alileta bibi yake na watoto wawili kwenye dispanseri yetu. Mama alikuwa anatapika. Mtoto mkubwa alishika tumbo. Yule mdogo, wa miaka mitatu, alitokwa na mate na jasho jingi, na mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mboni hizo ndizo zilizonionyesha njia, maana malaria haifanyi hivyo. Ni alama ya dawa za kuulia wadudu za jamaa ya oganofosfeti. Tulimpiga sindano ya atropini, tukamkimbiza hospitali, na siku ya nne alirudi nyumbani.

Nikauliza: mlikula nini? Ugali, maharagi, nyanya, na shu, ambayo wengine huita kabichi. Maharagi yalikuwa ya akiba, yamechanganywa na unga wa dawa ili wadudu wasiyatoboe. Nyanya zilikuwa bado na madoa ya dawa juu ya ngozi. Shu ilitoka kwa jirani aliyepiga pompi juzi yake. Chakula gani kiliwadhuru? Sikuweza kumjibu baba yao. Sufuria ilikuwa imekwisha kuoshwa, na sumu haina rangi ya kuijulisha.

Ndiyo sababu nataka kuwaeleza juu ya mashini moja ambayo wataalamu wanaitengeneza. Inafanya kazi kwa nuru na kwa dhahabu, na nyinyi mnaotoa dhahabu mnastahili kujua.

Kila mtu wa galeri anajua kugonga paa kwa mtaimbo kabla ya kuanza kazi. Jiwe lililoshikamana lina sauti yake, jiwe lililolegea lina nyingine. Nuru inaweza kugonga vitu vivyo hivyo. Ukiangaza kitu kwa nuru ya rangi moja, karibu yote inarudi na rangi ileile. Lakini sehemu ndogo kabisa, kama moja katika milioni kumi, inarudi imebadilika rangi kidogo, kwa sababu molekuli za kitu kile zinatikisika. Kila molekuli inatikisika kwa namna yake. Basi anayesoma mabadiliko hayo anajua kitu ni nini. Jambo hili liligunduliwa kule Calcutta, India, mwaka 1928, na C. V. Raman. Mwaka 1930 alipewa zawadi ya Nobel.

Shida ni kwamba sauti hiyo ni hafifu mno. Masalio ya dawa juu ya nyanya ni kidogo kuliko chembe ya chumvi, na mashini haiyasikii. Mwaka 1974 wataalamu wa Southampton, Uingereza, waliweka kitu juu ya feza iliyokwaruzwa, wakaona alama yake imekuwa kubwa kupita walivyotazamia. Mwaka 1977 ilionekana wazi kwamba feza yenyewe inakuza alama hiyo. Dhahabu nayo inafanya hivyo. Leo wanatumia punje za dhahabu au feza zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Katikati ya punje mbili zinazokaribiana, alama inaweza kukua mara milioni na zaidi.

Mwaka 2010 wataalamu wa Xiamen, China, walitandaza vumbi la namna hiyo juu ya ganda la chungwa, wakaangaza nuru ya leza, wakaona parathioni, dawa kali ya wadudu. Kila punje ya dhahabu walikuwa wameivika ganda jembamba sana la silika. Ndiyo, silika ileile ya vumbi la mawe linaloharibu mapafu yetu! Huko inalinda punje, huku inaleta silikozi. Usivue maski yako kwa sababu ya habari hii. Mwaka 2022, wataalamu wa Karolinska kule Sweden walipuliza feza juu ya kioo kwa ndimi za moto, na kwa kioo hicho wakaiona parathioni ya juu ya tofaa kwa dakika tano tu. Kwa njia ya zamani chakula kinasagwa, kinachujwa kwa dawa za laboratwari, kinapitishwa katika mashini kubwa, na fundi anangoja saa nyingi.

Lakini msidhani kwamba kazi imekwisha. Rangi ya majani mabichi inasumbua nuru. Dawa tatu zikichanganywa, kama wakulima wengi wanavyofanya, alama zao zinaingiliana. Na dawa iliyoingia ndani ya nyama ya tunda haionekani kwa kuangaza ngozi.

Sokoni Butembo na Beni sijaona mashini hiyo. Hapa dawa nyingi zinapitia Kasindi, halafu zinauzwa kwa vipimo vidogo, mara nyingine ndani ya chupa ya Primus bila etiketi. Kwenye etiketi ndipo zimeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna: dawa nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Aliyenunua bila etiketi atahesabu namna gani? Tena tusimlaumu mkulima wa milima ya Lubero peke yake. Sisi wanunuzi tunakataa nyanya yenye doa moja, naye anapiga pompi mpaka siku ya soko.

Mama, osha nyanya moja moja kwa maji mengi safi, ukiisugua kwa mkono, na uzioshe kabla ya kupika. Mankozebu, dawa ya ukungu inayopigwa sana kwenye nyanya, ikipata moto inageuka kwa sehemu kuwa kitu kingine kibaya zaidi. Majani ya nje ya shu yatupwe, na mbuzi wasipewe. Maharagi ya akiba yaoshwe, yalowekwe usiku, na maji yale yamwagwe. Kuosha kunapunguza, hakumalizi. Sabuni ya nguo isitumiwe kwa chakula.

Mtu akianza kutoka mate, kutapika, kutetemeka, au mboni zikiwa ndogo, msimpe maziwa wala mafuta, wala msimtapishe. Mvueni nguo zilizolowa dawa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mumlete upesi, usiku au mchana. Leteni na chupa ya dawa, na chakula kilichobaki katika sufuria. Msiioshe.