Kinyonga Mwenye Mayai Akishuka Chini

Ndugu mkulima,

Leo hatuzungumzi juu ya korosho wala mpunga. Leo tunazungumza juu ya mnyama mdogo ambaye wewe na mimi tumekutana naye mara nyingi shambani, na mara nyingi mkutano huo umekwisha kwa fimbo au kwa jiwe. Mnyama huyo ni kinyonga. Watu wengine wa pwani humwita lumbwi.

Pengine utauliza, "Kinyonga na kilimo wapi na wapi?" Swali zuri, na tutalijibu. Lakini kwanza hebu twende shambani.

Tuseme wewe ni mkulima wa Kibiti, upande wa Bungu. Mvua imenyesha usiku, na asubuhi umekwenda kupalilia mihogo. Kando ya tuta unamkuta kinyonga mkubwa wa kijani. Tumbo limejaa, mikono imechafuka udongo, na kichwa amekiingiza ndani ya kishimo. Anakuona, anatanua mdomo na kukufokea, lakini hakimbii. Watoto wako nyuma, na mmoja tayari ameshika jiwe. Utafanya nini?

Jibu letu la leo ni fupi: mwache achimbe. Sasa tueleze kwa nini.

KINYONGA HUYU NI WA NAMNA GANI?

Nchi yetu ina aina nyingi za kinyonga. Wako wa milimani, kama wale wa Usambara na Uluguru. Wako wenye pembe tatu wa mlima Meru, ambao hawatagi kabisa bali huzaa watoto hai. Huyu wetu wa Kibiti na Rufiji, anayekaa kwenye mikorosho, michungwa, mihogo na vichaka vya kando ya njia, ni kinyonga mwenye vipande viwili vya ngozi kisogoni, mfano wa masikio. Akikasirika huviinua. Jike ni mkubwa kuliko dume, na huyu hutaga.

Kinyonga huyu hana sumu. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukimwogopa. Ukimshika kwa nguvu atakung'ata, na utaumia kidogo kama umebanwa na kibanio cha nguo. Basi, hakuna zaidi. Kule kutanua mdomo na kufoka ni vitisho vya mtu asiye na mbio. Kujigeuza rangi nako si uchawi. Ngozi yake hubadilika kwa joto, kwa baridi, kwa hofu na kwa hasira.

KWA NINI AMESHUKA CHINI?

Maisha ya kinyonga ni ya juu ya mti. Miguu yake imeumbwa kama koleo, vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, ili ashike kijiti. Ardhini hana raha. Hapo nyoka anamwona, kuku anamwona, paka anamwona. Basi ukimkuta jike chini, tumbo limejaa, ujue ana haja kubwa. Mayai yamekomaa na anatafuta mahali pa kuyaficha.

Dalili zake ni hizi. Siku chache kabla ya kutaga huacha kula. Hatulii, hupanda na kushuka. Tumbo huonekana na vinundu vinundu, kama mfuko uliojazwa maharagwe. Kisha hushuka na kuanza kuchimba, mara nyingi wakati ambapo mvua imeulainisha udongo.

Huchimba kwa saa nyingi, na mara nyingine siku nzima humwishia hapo. Shimo huwa kiasi cha shubiri moja. Halafu hugeuka, huingia kinyumenyume, na kutaga mayai 25 hadi 50. Akimaliza hulifukia shimo, huukanyagakanyaga udongo, na kupanda mtini. Harudi tena. Kinyonga haatamii kama kuku, wala halindi. Kazi yote ya kulea ameukabidhi udongo wako.

Sasa fikiri, ndugu mkulima. Jiwe moja la mtoto asubuhi ile halimwui kinyonga mmoja. Linaua kinyonga na mayai yake yote.

AKIFUNGIWA NDANI YA BOKSI

Wako watoto wanaompenda kinyonga. Humchukua nyumbani na kumtia ndani ya boksi au ndoo ili wamtazame akibadilika rangi. Mtoto hana nia mbaya. Lakini kama kinyonga huyo ni jike mwenye mayai, boksi hilo ni kaburi lake.

Sababu ni kwamba jike asiyepata udongo wa kuchimba huweza kuyazuia mayai tumboni. Hukwaruza pembe za boksi, huchoka, macho hudidimia, na mwisho hufa na mayai yake yote. Mkulima aliyewahi kuona kuku aliyekwamwa na yai anaijua hali hiyo.

Kuna na jambo la sheria. Kinyonga ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata au kumfuga bila kibali ni kosa. Kadhalika kinyonga wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje. Basi akija mgeni kijijini na kusema, "Nikusanyieni kinyonga, nitawapa fedha," mpelekeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji aonyeshe kibali chake.

Kwa hiyo ukimkuta kinyonga ndani ya boksi la mtoto, usimpige mtoto wala usimtupe mnyama. Nendeni pamoja mpaka pale alipomtoa. Mwekeni juu ya tawi la kivuli, karibu na udongo laini. Mnyunyizieni maji kwenye majani, kwani kinyonga hunywa matone ya umande na mvua, na kwa kawaida haendi kunywa kwenye bakuli. Kisha mwondoke.

Wale wanaofuga kinyonga kwa kibali nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Jike akikaribia kutaga humpa chombo chenye mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimeta 30 hivi, wenye unyevu wa kutosha ili shimo lisibomoke. Humwekea pazia asione watu. Akitazamwa ataliacha shimo na kuanza upya, na nguvu zake zitakwisha. Akishataga humpa maji mengi na wadudu wa kutosha, maana huwa amekonda na ana kiu.

JEMBE LIKIFUKUA MAYAI

Sasa tufike kwenye jambo linalomhusu mkulima hasa. Unalima, jembe linainua bonge la udongo, na ndani unaona vijiyai vyeupe, vingi, laini kama ngozi, vikubwa kiasi cha punje ya haragwe. Wengi wetu hapo hupiga kelele, "Nyoka!" na kuviponda.

Mayai ya nyoka wengi ni marefu na makubwa kuliko hayo. Lakini kama huna hakika, hukulazimishwa kuyashika. Yafukie tu kwa jembe, ulime pembeni.

Kama una hakika ni ya kinyonga na huwezi kuyaacha hapo, fanya hivi.

Kwanza, usiyageuze. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kuku anapoatamia huyageuza mayai yake kila siku, na wewe umezoea hivyo. Yai la kuku lina kamba mbili za ute zinazokishika kiini katikati, kwa hiyo linavumilia kugeuzwa. Yai la kinyonga halina kamba hizo. Kijusi hujishikiza upande wa juu wa yai na kukaa hapo mpaka mwisho. Ukiligeuza juu chini unaweza kukiua, na yai litakuwa viza.

Pili, chota mayai pamoja na udongo wake kwa koleo au kwa viganja viwili, kama unavyohamisha mche wa mkorosho bila kuvunja udongo wa mizizi.

Tatu, yapeleke mahali pa kivuli ambapo jembe halifiki na maji hayatuami. Chini ya mwembe ni pazuri, au kando ya ua. Chimba shubiri moja, weka bonge lako jinsi lilivyokuwa, fukia bila kushindilia sana.

Nne, weka kijiti cha alama, kisha usahau. Usifukue kila wiki kuchungulia.

Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Yai la kinyonga halina ganda gumu. Hunywa maji ya udongo na kuvimba jinsi kijusi kinavyokua. Likianikwa juani hunywea na kufa upesi. Likizama ndani ya maji hukosa hewa na kufa vilevile.

Hapa ndugu zetu wa delta tunawataja hasa. Ninyi mnaolima mpunga karibu na mikoko, mnaoingia kwa Nyamisati na kulala kwenye madungu mkilinda mpunga dhidi ya ndege, mnaujua mto. Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Bonde likijaa, mayai yaliyo chini hayana pa kukimbilia. Kwa hiyo mayai yakifukuliwa bondeni, yahamishieni kwenye ardhi iliyoinuka, sio kando ya jaruba.

Na watatoka lini? Uwe na subira. Kifaranga cha kuku hutoka siku ya 21. Mayai ya kinyonga hukaa miezi mingi, na mara nyingine hata kukaribia mwaka mzima. Kwa maana hiyo mayai yaliyotagwa msimu huu yanaweza kupita kiangazi chote chini ya shamba lako. Wakitoka, kinyonga wadogo hujichimbua wenyewe, hupanda majani ya karibu na kuanza kuwinda siku za mwanzo kabisa. Hawahitaji uji wala maziwa. Wanahitaji majani na wadudu wadogo tu.

FAIDA YAKE NI NINI?

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Kinyonga hula panzi, nyenje, nzi, mende na viwavi. Ulimi wake ni mrefu kuliko mwili wake, na wenye utelezi wa kunata, hata mdudu aliye mbali kidogo hapati nafasi. Hali mihogo yako, hali korosho, hali vifaranga. Hakudai mshahara.

Lakini tusidanganyane. Kinyonga mmoja hawezi kumaliza viwavijeshi walioingia katika mahindi. Viwavijeshi wakija, mwite bwana shamba au bibi shamba upesi. Kinyonga ni kibarua wa kila siku, sio jeshi. Kazi yake ni kupunguza panzi wawili leo na kiwavi mmoja kesho, mwaka mzima, pamoja na vyura, mijusi, buibui na ndege wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Ukitaka vibarua hawa wabaki, kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni dawa. Unapopuliza dawa ya wadudu kwenye mikorosho, fuata kipimo na majira uliyoelekezwa. Usipulize kwa mazoea, kwani mdudu aliyekufa kwa dawa huliwa na kinyonga, na kinyonga naye hudhurika. La pili ni moto. Unapoandaa shamba, kabla ya kuwasha moto pita kwanza kwenye vichaka, uvitikise kwa fimbo ndefu. Sungura ataukimbia moto, na nyoka ataukimbia, lakini kinyonga hana mbio za kuushinda. Na kama unaweza kuacha kuchoma, ukayalaza majani yaoze shambani, udongo wako utakushukuru.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Basi, ndugu mkulima, turudi pale kwenye tuta la mihogo. Kinyonga bado anachimba, na mtoto bado ameshika jiwe. Mwambie mtoto aliweke chini. Mwonyeshe yale masikio ya ngozi, zile koleo za miguu, na macho yanayotazama huku na huku, kila moja kwa njia yake. Kisha hamia tuta lingine, ukapalilie huko mpaka jioni. Kuku wafungiwe au wafukuzwe mbali. Kesho ukirudi hutaona shimo wala kinyonga, utaona udongo uliosawazishwa tu. Hapo choma kijiti cha alama, na tuta lile lilime mwisho.

Hasara yako ni tuta moja lililochelewa. Faida yako ni kwamba watoto wake watakapotoka watakuta shamba, na wewe utawakuta humo.

Zungumzeni na wenzenu juu ya jambo hili, mkutanoni, kisimani na barazani. Mpaka tutakapokutana tena, tunawatakia kazi njema.