KIDONDA CHA MDOMO: MIKROBE INAYOLALA NA KUAMKA



Pengine umekwisha kuona malengelenge madogo pembeni ya mdomo, wakati wa malaria ao kisha jua kali. Yanapona, halafu yanarudi pale pale. Watu wanasema: «Ni homa inatoka.» Hapana. Ni virusi, jina lake herpesi.

Juu ya nini inarudi?

Ndani ya virusi mna uzi mwembamba sana, unaitwa ADN. Ni kama karatasi ya maagizo, lakini maagizo hayo hayajifungui yenyewe. Virusi ikiingia katika chembe ya mwili wako, inaleta protini yake. Protini ile inashikana na protini za mwili wako, na pamoja zinakaa juu ya ADN, zinafungua maagizo ya kwanza. Hapo zinazaliwa protini zingine. Hizi nazo zinashika ADN, na kazi inaendelea kwa zamu: kwanza kunakili uzi, kisha kutengeneza nguo za virusi mpya. Chembe inakufa, na kidonda kinatoka.

Virusi zingine zinapanda kwa mushipa wa fahamu mpaka ndani ya kichwa. Kule maagizo ya kwanza yanabaki yamefungwa. Virusi inalala, lakini haitoki tena maisha yote. Homa, jua kali ao uchovu unaweza kuiamsha.

Dawa iko, inaitwa asikloviri. Inazuia ule uzi kunakiliwa. Lakini virusi iliyolala haiwezi kuifukuza.

Kwa mtu mkubwa, mara nyingi kidonda hiki kinapona chenyewe. Kwa mtoto mchanga, virusi inaweza kufika katika ubongo na kumwua. Basi mama, shika haya:

1. Mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto mchanga, hata kama ni bibi yake.
2. Kama kidonda ni chako, nawa mikono kwa sabuni, funika mdomo kwa kitambaa safi. Endelea kunyonyesha, ila si kwa ziwa lenye kidonda.
3. Una mimba na vidonda sehemu za siri? Usione haya, mwambie munganga mbele ya kuzaa.
4. Mtoto mchanga anakataa ziwa, ana homa ao mwili baridi, analala kupita kiasi, anashikwa na degedege, ao ana malengelenge? Mlete hospitali siku ile ile. Usingoje kesho. Dawa ikianza mapema, mtoto anaweza kupona.