Kura ya Mombasa iliyoharibikia Athens

Siku moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022, marehemu Wafula Chebukati, wakati huo mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, alitangaza kutoka ukumbi wa Bomas, Nairobi, kwamba Mombasa na Kakamega hazingechagua gavana kesho yake. Karatasi za kura za ugavana zilikuwa zimeshafika kutoka ng'ambo, zimeshahesabiwa, na polisi wanazilinda. Shida ilikuwa sura zilizochapishwa juu yake: hazikuwa za wagombea waliostahili kuwamo.

Basi Jumanne ile Mmombasa aliyeamka alfajiri kwenda kupanga foleni alipewa karatasi tano badala ya sita. Ya sita aliambiwa baadaye kwamba ataifuata Agosti 23. Kabla siku hiyo haijafika ikasongezwa tena hadi Agosti 29, mara hii tume ikisema maafisa wake wanatishwa na kuhangaishwa kazini. Miji michache sana imewahi kujifunza kwa gharama kiasi hicho kwamba kazi kubwa ya ofisi ya uchaguzi ni kusoma karatasi.

Nimeitafakari sana hukumu ya Mahakama ya Juu ya Septemba 5 mwaka huo. Wengi waliisoma kutafuta kama ushindi wa William Ruto ulisimama au ulianguka. Ndani yake majaji waliizungumzia pia Mombasa. Walisema hawakuona ushahidi kwamba uahirishaji ule ulikuwa njama ya kuwapunguza wapiga kura. Lilikuwa kosa la kweli. Lakini waliongeza kuwa kosa lenyewe lingeepukika iwapo maafisa wa tume wangekuwa makini walipokwenda kukitembelea kiwanda cha uchapishaji huko Athens, Ugiriki, kabla mashine hazijaanza kuchapa. Tumezoea kubishana kuhusu sava ya tume, nani aliifungua na nani aliikataza. Safari hii uchaguzi wa mji mzima ulikwamishwa na mtu aliyetazama karatasi asiione.

Kwa mpiga kura wa kawaida ofisi ya uchaguzi ni kitu kinachochipuka mara moja kila miaka mitano. Katiba imeiweka siku yenyewe, Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano, kwa hivyo inayofuata ni Agosti 10, 2027 na hakuna anayeweza kusema imemjia ghafla. Kaunti ya Mombasa ina maeneobunge sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, na wadi 30. Kila eneobunge lina afisa wake wa kusimamia uchaguzi, na juu yao yuko wa kaunti. Miaka ya utulivu wanaobisha hodi ni kijana aliyepata kitambulisho juzi, au mke aliyeolewa kutoka Kilifi anayetaka kuhamisha kituo chake. Watu hao wakipuuzwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, hakuna msururu wa mwaka wa nne utakaowafidia.

Wafu nao wana mambo yao. Kabla ya uchaguzi wa 2022 sajili ya wapiga kura ilikaguliwa na kampuni ya KPMG, na miongoni mwa yaliyogunduliwa ni majina ya marehemu zaidi ya 240,000 nchini kote, mbali na watu waliojitokeza zaidi ya mara moja. Kwa mtu wa Pwani hili si la kushangaza. Mazishi ya Kiislamu hayangoji. Aliyefariki alfajiri huenda akawa kaburini kabla ya alasiri. Familia ikishamaliza hitima inarudi kwenye shughuli zake, na sijui ni nyumba gani hapa Mji wa Kale ambako mtu husimama siku ya saba akakumbusha kwamba jina la babu liondolewe katika sajili ya IEBC. Ofisi ndiyo inayopaswa kuwafuata watu wa usajili wa vizazi na vifo. Ikikaa kusubiri, babu atabaki mpiga kura wa kituo chake milele, na siku ya mabishano jina lake ndilo litakaloshikiwa bango.

Usajili endelevu ulirejea Septemba 29, 2025, chini ya mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon. Safari hii pamoja na alama za vidole kuna picha ya mboni ya jicho. Huo ni msaada kwa mji wa bandari. Mtu aliyebeba magunia miaka ishirini, au anayeponda kokoto, vidole vyake huwa vimelika mistari kiasi kwamba mashine inamkataa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu huku nyuma yake watu wananung'unika.

Manung'uniko hayo yana hesabu yake. Sheria inaweka ukomo wa wapiga kura 700 kwa kituo kimoja. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa 11, yaani dakika 660. Wote 700 wakija, kila mmoja ana chini ya dakika moja, na ndani yake atambuliwe na mashine, apewe karatasi sita, aingie kibandani, aweke alama sita, akunje, atumbukize kila moja katika sanduku lake, kisha apakwe wino kidoleni. Haiwezekani ila kwa kupishana: mmoja anapakwa wino, wa pili yuko kibandani, wa tatu na wa nne wamesimama mezani, na msimamizi wa kituo anaona wote. Mzee mmoja asiyejua kusoma akihitaji kusaidiwa, au mashine ikigoma dakika kumi, deni linaingia ambalo hulipwa jioni. Aliye kwenye foleni saa kumi na moja ikigonga ana haki ya kupiga kura, hata kama zamu yake itafika baada ya magharibi.

Hapa kuna jambo linalonikera. Mwaka 2022 Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 waliosajiliwa, na chini ya nusu yao walijitokeza Agosti 9, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya chini kabisa nchini. Kwa maafisa ilikuwa nafuu. Foleni fupi, dakika mbili na zaidi kwa kila mtu, hakuna aliyezirai kwa jua. Watu wakisusa, ofisi huonekana hodari. Tarehe 29 ilipofika foleni zilikuwa nyembamba zaidi, na Abdulswamad Shariff Nassir akawa gavana kwa kura 119,083. Ushindi wake ni halali kabisa. Ila ukiugawa kwa waliosajiliwa, aliyemchagua ni chini ya mmoja kati ya kila watano. Mahakama ilisema hakukuwa na ushahidi wa njama, nami nakubali. Hata hivyo kibarua aliyekwisha kupoteza siku moja kwenye foleni hahitaji njama ili aone uvivu wa kurudi mara ya pili.

Turudi kwenye karatasi, maana hapo ndipo mzigo ulipo. Siku hiyo moja Wakenya hujaza viti 1,882: rais mmoja, magavana 47, maseneta 47, wawakilishi wa kike 47, wabunge 290 na wawakilishi wadi 1,450. Kila kiti kina karatasi yake, yenye majina yake, picha zake na alama za vyama vyake. Kwa Mombasa pekee zinatakiwa karatasi za aina 40 tofauti: ya rais, tatu za kaunti, sita za wabunge, 30 za wadi. Ukizidisha wapiga kura 641,913 kwa karatasi sita unapata zaidi ya milioni 3.8, na zote lazima zigawanywe kituo kwa kituo bila ya wadi moja ya Likoni kuangukia Changamwe. Rangi husaidia, nyeupe kwa rais, samawati kwa gavana, njano kwa seneta, kijani kwa mbunge. Lakini rangi ya gavana wa Mombasa ni ile ile ya gavana wa Kakamega, na ya kaunti nyingine 45. Anayetazama rangi peke yake hawezi kujua kwamba sura zimehama.

Tena karatasi haichapishwi mapema, kwa sababu majina hayatulii. Wagombea huidhinishwa, wanaopinga huenda kwenye kamati ya mizozo, kutoka huko mahakamani. Mwaka 2022 Mombasa ilikuwa mfano mzuri: Mike Sonko, aliyeng'olewa ugavana wa Nairobi, alitaka kugombea ugavana hapa, na Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi uliozima ndoto hiyo katikati ya Julai. Zimebaki wiki tatu na ushei. Shehena za kwanza za kura zilikuwa tayari zimeanza kutua Nairobi. Mchapishaji yuko Ugiriki, ndege inagharimu, kalenda haisongi. Kwa haraka ya namna hiyo ndiyo makosa hupenya.

Sisi wa magazeti tunalijua hilo vizuri: kosa kubwa hujificha kwenye herufi kubwa. Mhariri atakamata nukta iliyopotea aya ya kumi na mbili, kisha aachilie kichwa cha habari chenye jina lisilo la mtu. Jicho la mtu aliyechoka husoma analotarajia kuona. Dawa yake chumbani kwetu ni kumpa ukurasa mtu mwingine ambaye hakuushughulikia kabisa. Kwa uchaguzi mtu huyo hahitaji hata kwenda Athens. Karatasi ya majaribio ya kila kiti iletwe Mombasa, ibandikwe ukutani katika ofisi ya kaunti, na wagombea waitwe waje waitazame mbele ya waandishi kabla ya kuruhusu mashine izunguke. Mgombea hahitaji mafunzo yoyote ili kuutambua uso wake. Anayejipenda kama mwanasiasa wa Pwani atauona ukiwa umekosewa hata rangi ya kofia.

Mashine sitazizungumzia sana, kwa kuwa zimezungumziwa mno. Mwaka 2013 utambuzi wa wapiga kura ulitegemea kompyuta ndogo zilizopelekwa kwenye madarasa mengi yasiyo na umeme. Betri zikaisha, nchi ikarudi kwenye sajili ya karatasi. Tangu 2017 kuna vifaa vya utambuzi vya KIEMS, na hata hivyo mwaka 2022 vilikwama katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni, ikabidi sajili iliyochapishwa itumike. Kwa ofisi ya mji somo lake ni dogo na la kuchosha: chaji kila kifaa, kijaribu, kichaji tena, na hakikisha kila msimamizi anaijua Fomu 32A, ile inayojazwa mbele ya maajenti wakati alama za vidole zimekataa lakini kitambulisho kinamtambua mtu. Asiyeijua fomu hiyo atamrudisha mpiga kura nyumbani.

Mombasa pia ina bahari katikati. Likoni iko upande wa pili wa kivuko, na vifaa vinavyotoka huko usiku kwenda kwenye kituo cha kujumlishia kura cha kaunti hupanda feri pamoja na watu na matatu, au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Afisa wa Likoni hapangi safari yake bila kujua feri ngapi zinafanya kazi wiki ile. Wenzake wa Nyali na Kisauni wana daraja moja, na wanaolijua daraja la Nyali saa za msongamano hawahitaji kuelezwa. Katika mji huu usalama hauchukuliwi kimzaha vilevile. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 4, 2013, polisi waliuawa katika mashambulizi Mombasa na Kilifi, na wapiga kura wakapanga foleni asubuhi huku habari hizo zikiwafikia.

Yote haya hatimaye humwangukia mtu mmoja kwa kila kituo, msimamizi wake. Mara nyingi ni kijana aliyesoma anayetafuta kazi, ameajiriwa kwa siku chache na kufundishwa kwa siku chache zaidi. Ameamka usiku kupanga meza na kufunga masanduku kwa lakiri mbele ya maajenti. Jioni, baada ya mtu wa mwisho kutoka, kazi yake ya pili inaanza. Kituo kilichojaa kina hadi karatasi 4,200 za kufungua, kuonyesha kila ajenti, kupanga mafungu na kuhesabu, rais kwanza. Kisha anajaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais, anaipiga picha na kuituma, anabandika nakala mlangoni. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 2017 kwamba matokeo ya rais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, hakuna mkubwa wa Nairobi anayeweza kumsahihishia jumla zake kimya kimya. Na mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa wazi mtandaoni, taifa zima likakaa usiku likizijumlisha. Saba iliyoandikwa kama moja Jomvu inaweza kuwa habari kuu Kisumu kabla ya mapambazuko.

Usaili wa kazi hii hufanywa mchana, ofisini, mtu akiwa ameshiba na amevaa shati safi, akiulizwa vyeti. Ningekuwa mimi naajiri ningewaita saa tisa usiku kwenye darasa lenye taa moja, nikawapa fomu tupu, mafungu ya kura ya kujumlisha, na maajenti wawili wa kubishana masikioni mwao. Atakayepata jumla sahihi namchukua, cheti ataleta kesho.