Mto wa Hedifoni na Kazi Yake Katika Sauti

Hedifoni nyingi hazianzi kufa kwa kukatika waya wala kwa kuchoka sumaku. Huanza kufa pembezoni. Ile mito miwili inayozunguka masikio hubabuka ngozi, sponji yake hulala na kuwa ngumu, na vipande vyeusi kama majani ya chai huanza kumwangukia mvaaji mabegani. Hapo mwenye chombo hujikuta mbele ya njia mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni kununua mito mipya ya aina ile ile iliyokuja na chombo. Ya pili ni kununua mito mingine, minene na laini zaidi, ambayo wauzaji huisifu kwamba itaongeza raha na sauti pia. Njia ya kwanza ni matengenezo ya kawaida, na haihitaji mjadala mrefu. Ya pili ni sawa na kukiunda upya chombo cha sauti bila ya kuwa na mchoro wa fundi aliyekibuni. Ili tuone sababu, yatupasa tuanze ndani ya kikombe chenyewe.

Chumba kati ya viwambo viwili

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo. Umeme ukipita katika koili yake, iliyo ndani ya uga wa sumaku, koili husukumwa mbele na nyuma, nayo hukitikisa kiwambo chembamba kilichoshikamana nayo. Upande wa pili, mwishoni mwa mfereji wa sikio wenye urefu wa sentimeta 2.5 hivi, mna kiwambo kingine, kile tulichozaliwa nacho. Kati ya viwambo hivyo mna hewa kidogo, na ukuta wa chumba hicho cha hewa ndio mto.

Tuanze na sauti nzito. Sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, ina urefu wa wimbi wa karibu mita 7. Wimbi la namna hiyo haliwezi kujipanga ndani ya chumba chenye upana wa sentimeta 5. Linalotokea ni kwamba kiwambo kinaposogea mbele hewa yote ya chumbani hubanwa kwa pamoja, na kinaporudi hulegea kwa pamoja. Nguvu ya sauti nzito, basi, hutegemea ujazo wa chumba, na hutegemea kama chumba hicho kinavuja au hakivuji.

Habari ya kuvuja itaeleweka kwa pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wake kwa kidole, lakini acha upenyo mdogo. Ukisukuma mpini polepole, hewa hutoka na mkono hauhisi upinzani wowote. Ukisukuma kwa ghafla, hewa haipati nafasi ya kutoka, na mpini hugoma. Hali kadhalika, upenyo chini ya mto huiachia itoroke sauti nzito, ambayo huisukuma hewa polepole, huku sauti nyembamba ikibaki karibu kama ilivyokuwa. Mkono wa miwani, nywele zilizosukwa au pindo la mtandio lililopita chini ya mto vyatosha kuleta upenyo huo. Sponji iliyokauka nayo huleta jambo lilo hilo, kwa kuwa haiwezi tena kuufuata mfupa wa shavu na bonde lililo nyuma ya sikio.

Ujazo nao una hesabu yake. Tuseme tundu la mto lina kipenyo cha sentimeta 5.5 na kina cha sentimeta 2. Ujazo wake ni sentimeta za ujazo 47 na ushei. Mto ukilala hadi kina cha sentimeta 1.2, ujazo hushuka hadi 28 na ushei. Iwapo kiwambo kinasogea kwa kiasi kile kile na chumba hakivuji, badiliko la kanieneo huongezeka kwa desibeli 4 hivi. Kwa hiyo mto mzee unaweza kuizidisha besi kwa kulala, au kuipoteza kwa kuvuja, na mara nyingine kikombe cha kulia hufanya hili na cha kushoto hufanya lile. Ndiyo maana watu wawili wenye hedifoni za aina moja huweza kubishana juu ya sauti yake bila ya yeyote kusema uongo.

Sauti nyembamba haina utii wa namna hiyo. Urefu wa wimbi la hezi 10,000 ni sentimeta 3.4 tu, kiasi cha chumba chenyewe. Mawimbi hayo hugonga kuta, hurudi, hukutana. Mahali pengine yakaongezeana, mahali pengine yakafutana. Kulisogeza sikio milimita chache kutoka kwenye spika, au kubadili ngozi laini kwa kitambaa kinachofyonza sauti, hubadili mahali pa makutano hayo. Hapa hesabu nyepesi haitusaidii, na muuzaji anayeahidi kwamba mto mnene daima “huifungua” sauti anasema asilolijua.

Raha ina vipimo

Hedifoni za mwanzo hazikuzingatia sana raha ya masikio. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alipolipelekea Jeshi la Majini la nchi yake hedifoni zake mwaka 1910, kilichotafutwa kilikuwa uwezo wa kunasa ishara hafifu za redio. Raha ilipata uzito zaidi watu walipoanza kukaa na muziki masikioni kwa saa nyingi, hasa baada ya John Koss wa Milwaukee kutoa hedifoni zake za stereo mwaka 1958. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati huo, ilitoa HD 414, iliyo wazi nyuma na yenye mito ya sponji ya rangi ya manjano inayopitisha hewa. Mbuni wake hakukusudia kuliziba sikio. Aliipanga spika ifanye kazi na ukuta unaovuja. Mtu angeivisha HD 414 mito ya ngozi isiyopitisha hewa angekuwa ameunda hedifoni nyingine.

Raha yenyewe yaweza kupimwa. Tuchukue utepe unaobana kwa kani ya nyutoni 4, na mto wenye eneo la kugusa la sentimeta za mraba 40. Kanieneo juu ya ngozi ni paskali 1,000. Sponji ikiganda hata ikawa inagusa robo tu ya eneo hilo, kanieneo hupanda hadi paskali 4,000, yaani milimita 30 za zebaki, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho vitabu vya fiziolojia hukitaja kwa damu iliyomo katika kapilari za ngozi. Maumivu ya baada ya saa moja hayatokani na udhaifu wa mvaaji.

Sponji ile izamayo polepole kwa joto la mwili, ambayo Charles Yost aliibuni mwaka 1966 katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya kituo cha Ames cha NASA, hulitawanya bano hilo vizuri kuliko sponji ya kawaida. Ngozi bandia huziba vema lakini hutia joto na jasho. Mahameli hupumua, kwa hiyo pia huvuja. Hapa pana mvutano wa kweli kati ya raha na besi, nao huwabana zaidi wakazi wa Mombasa au Dar es Salaam kuliko wa Berlin.

Kwa nini ngozi hubabuka

Ngozi bandia nyingi za mito hii ni kitambaa kilichopakwa poliurethani, na poliurethani za aina moja kubwa zina viungo vya esta. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba esta hutengenezwa kwa asidi na alkoholi, na maji hutoka; maji yakirudi, mmenyuko waweza kurudi nyuma. Huo ndio hidrolisisi. Mnyororo wa polima hukatika vipande vifupi, na asidi inayozaliwa huharakisha ukataji unaofuata. Joto, unyevuanga wa pwani na jasho hufanya kazi hiyo bila kupumzika. Soli ya kiatu kilichokaa kabatini miaka kadhaa ikamomonyoka siku ya kwanza ya kuvaliwa mara nyingi imekufa kifo hicho hicho. Kwa hiyo haifai kununua jozi nne za mito na kuziweka akiba: zitazeeka ndani ya pakiti.

Mizani na mawe yake

Tuchukue mfano wa Sony MDR-7506, iliyotolewa mwaka 1991 na ambayo bado hutumika katika studio za redio na kwa wanasa sauti wa filamu. Spika yake ina kipenyo cha milimita 40, kikombe chake kimefungwa nyuma, na mito yake ni myembamba. Wembamba huo huwafanya wengi watamani mito minene ya mahameli au ya ngozi ya kondoo. Wakiiweka, sikio husogea mbali na spika na ujazo huongezeka. Ikiwa ni mahameli, ukuta nao huanza kupitisha hewa. Raha hupatikana. Lakini mtangazaji anayekitumia chombo hicho kuamua kama sauti ya mgeni wake ni nzito mno sasa anapima kwa mizani iliyobadilishwa mawe. Msikilizaji wa muziki nyumbani hana hasara hiyo. Akiipenda sauti mpya, ni haki yake.

Wala haifai kusema kwamba mahameli hayafai kwa hedifoni zilizofungwa. DT 770 PRO ya kampuni ya beyerdynamic imefungwa nyuma, na matoleo yake kadhaa hutoka kiwandani na mito ya mahameli. Tofauti ni kwamba aliyeipanga spika aliujua ukuta wake.

Kuna jambo zito kuliko ladha. Mto unaovuja huiingiza kelele ya daladala au ya bweni, nayo besi hutoweka. Mvaaji, bila kufikiri, hupandisha sauti. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya mwaka 2019 yanampa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda kwa nusu. Aliyepandisha desibeli 6 kwa ajili ya mto mbovu amebakiwa na saa 10. Mto wa raha nao una hila yake, kwani maumivu yaliyokuwa yakimkumbusha mtu avue hayapo tena.

Kabla ya kununua, basi, fanya jaribio. Cheza wimbo wenye besi kwa sauti ya chini, kisha ikandamize mito taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, mito yako inavuja. Darasani, mwalimu aweza kucheza sauti ya hezi 50 kisha ya hezi 1,000, na kupitisha mrija wa soda chini ya mto. Sauti ya kwanza itadhoofika kwa ghafla. Ya pili itabadilika kidogo tu.

Ikiwa ni lazima kununua, pima kipenyo cha nje, cha tundu, na upana wa mfereji unaoushika mto. Kile kitambaa au kisponji kilicho mbele ya spika usikitupe pamoja na mto mzee, kwa kuwa katika aina nyingi ni sehemu ya upangaji wa sauti. Sponji mpya huhitaji siku kadhaa ili ilainike, kwa hiyo ihukumu baada ya wiki, ukiwa bado na mito ya zamani ya kulinganisha. Na upande wa ndani wa mto mpya, kwa wino usiofutika, andika mwezi na mwaka.